Besi Aliyoileta Mkwe

Mkwe aliingia karakana amepakata kitu kilichoviringishwa blanketi kuukuu, na Kushoto, kabla hata hajajua ni kitu gani, hakupenda namna kilivyobebwa. Mtu anayebeba chake hubeba huku akitazama mbele. Huyu alikuwa ameinamisha macho, anatafuta pa kukitua upesi, kama aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka mezani. Sio hapo, hapo pana gundi."

Blanketi likafunguliwa. Ilikuwa besi, lile gitaa kubwa la nyuzi nne, ila nyuzi zenyewe hazikuwepo hata moja. Nyeusi tii kuanzia kichwani mpaka kitakoni, vitufe vya sauti vimeng'oka, na vumbi limejaa kila mahali vumbi linapoweza kujaa.

"Nimeinunua ya mkono wa pili," mkwe alisema. "Naomba unitengenezee."

"Iweje?"

Hapo mkwe akatoa maelezo yake yote kwa mkupuo mmoja, kama mtoto aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau. Rangi itoke yote, ionekane mbao. Nyuzi zipangwe kwa mtu wa mkono wa kushoto. Ile pembe ndefu ichongwe kwa ndani ili mkono ufike mwisho wa shingo. Vitufe vihamie upande wa pili, visimkwaruze mtu mkono. "Na isifanane kabisa na ilivyokuwa, baba. Hata kidogo."

Kushoto alimtazama mikono. Mkwe alikuwa mchomeleaji wa mageti, vidole vimejaa alama za cheche, na alikuwa mtu wa kulia kwa kila kitu: kwa nyundo, kwa kijiko, kwa kusalimia.

"Ni yako?"

"Ni ya mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, baba."

Akalikunja blanketi lake, akaaga, akaondoka. Chai aliyoletewa aliiacha vilevile, mpaka ikafanya utando juu.

Sasa, Kushoto hakuwa mtu wa kudanganywa kuhusu besi. Jina lenyewe alipewa na wapenzi wa bendi, zamani, alipokuwa akipiga. Bendi ilikuwa na besi moja tu, nyekundu, ya watu wa kulia, naye alikuwa wa kushoto. Akaipindua, akazigeuza nyuzi, akatoboa tundu jipya la kifungo cha mkanda na la zamani akaliziba. Mwili wa gitaa ulibaki wa kulia. Vitufe vilimkwaruza mkono usiku kucha na noti za juu kabisa hakuzifikia, lakini watu walikuwa wakisogea karibu na jukwaa kuhakikisha macho yao hayawachezei.

Kisha ikapotea. Jumatatu moja mlango wa stoo ya bendi ulifunguliwa, na kila kitu kilikuwepo: spika, ngoma, hata kofia aliyoisahau mpiga tarumbeta. Besi haikuwepo. Kufuli lilikuwa zima, madirisha mazima. Ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo mmoja, Kushoto.

Hakuna aliyemwita mwizi. Hilo ndilo lililomuua, maana wangemwita angejibu. Walianza kunyamaza akiingia. Mwimbaji, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wao, akamwomba ufunguo kwa adabu nyingi, eti kuna utaratibu mpya. Kushoto akautoa, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakushika besi isipokuwa ya mteja, tena kwa kuitengeneza tu. Alirekebisha viti vya watu vilivyolegea, akaunda meza, akaunga shingo za magitaa ya wengine. Mwimbaji, kila walipokutana njiani, alimpa mkono wa ncha za vidole.

Aliyeendelea kuja nyumbani alikuwa mmoja tu, mpiga ngoma wao, waliyemwita Radi. Huyo hakumtupa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa chai, akawasema wengine kwa niaba yake. "Waache waropoke, kaka," alikuwa akimwambia. "Wewe nyamaza. Ukichimba sana ndipo utaonekana una lako jambo." Kushoto akamsikiliza, akanyamaza. Bendi ilipokufa Radi alirudi kwenye kazi yake ya kupaka rangi majengo, na wakati huu alikuwa mbali, kwenye jengo moja la mji mwingine.

Basi Kushoto akaianza ile besi ya mkwe kwa kuivua rangi.

Rangi ya gitaa hupakwa nyembamba, koti juu ya koti, na katikati mtu anapitisha msasa laini. Hii ilikuwa nene kama lami, imemwagwa mara moja, ikaingia mpaka kwenye matundu ya skrubu. Alipoigusa kwa tambara la thina harufu ilipanda, naye akaijua papo hapo. Rangi ya geti.

Akasimama kidogo na tambara mkononi. Mkwe anatengeneza mageti.

Chini ya nyeusi palikuwa na nyekundu. Alijiambia dunia ina besi nyekundu nyingi. Akafungua kifuniko cha nyuma, pale nyaya zinapokaa, akamulika kwa tochi. Ndani palikuwa pamebandikwa karatasi za fedha za paketi za majani ya chai, pembe zimekunjwa mara mbili, zimepigwa pasi kwa mgongo wa kijiko. Alikuwa amezibandika yeye, kwa sababu ukumbi mmoja ulikuwa na taa zilizoifanya besi ivume kama nzi kwenye chupa. Hakuwahi kuona fundi mwingine akifanya hivyo.

Akaenda kwenye pembe ndefu, akasugua taratibu mahali alipopajua. Kikatokea kidoa cha kijani, mviringo, kikubwa kama punje ya mahindi. Kipande cha mpini wa mswaki. Ndicho alichozibia tundu la zamani.

Alimwita mkewe. Mkewe akaja na mikono ya unga, akainama, akatazama.

"Huo ni mswaki wangu," akasema.

"Ulikuwa wako."

"Nikauliza nyumba nzima. Nikawasingizia watoto." Akainuka polepole. Uso ukabadilika. "Si hii ndiyo ile ya bendi?"

"Ndiyo ile."

"Na mkwe ameitoa wapi?"

"Hilo ndilo swali. Wakati ule alikuwa bado mchumba, anakuja kila Jumapili. Anakaa wapi? Karibu na mlango. Ufunguo unaning'inia wapi? Nyuma ya mlango huohuo. Leo ananiletea imepakwa rangi ya mageti, anataka niichonge isitambulike. Mimi mwenyewe. Yaani niifute kwa mkono wangu."

"Muulize."

"Nimwite mkwe wangu mwizi, halafu kesho binti yangu asimame hapo na mabegi?"

"Basi nitamuuliza binti."

"Usithubutu. Binti akijua ninachofikiri, hata nikiwa nimekosea, nyumba yake imeshaingia ufa."

Mkewe akajifuta mikono kwenye khanga, akafikiri. "Sasa utafanya nini?"

"Nitaitengeneza," Kushoto alisema. "Huku natazama."

Akaitengeneza. Akaichonga ile pembe kwa patasi na tupa, akaizungusha mpaka kiganja kikaingia bila kukwama. Akahamisha vitufe, akaziba mashimo ya zamani kwa vipande vya mbao ileile, mistari ya mbao ikaelekea upande mmoja. Akachonga kijiti kipya cha mfupa cha kupitishia nyuzi kule juu ya shingo. Kazi ilikuwa tamu, na hilo lilimuudhi, kwa maana kila alipojisahau akaanza kupiga mluzi, alikumbuka anamfanyia nani.

Mkwe alipita mara kadhaa kuangalia maendeleo. Kila alipopita Kushoto alimrushia neno, bila kumtazama, kama anayezungumza na msasa.

"Hii ilikuwa nyekundu chini."

"Ee? Mimi niliikuta nyeusi."

"Rangi ya geti."

"Rangi ya geti kabisa, baba," mkwe akacheka. "Nami niliijua kwa harufu. Aliyeipaka hana huruma."

Kushoto akaisugua pembe ileile mpaka ikapata joto. Mtu asiyeficha kitu ni mjinga, alijiambia, au ni mjanja wa kupita kiasi. Na mkwe wake hakuwa mjinga.

Siku nyingine mkwe alikohoa mlangoni, na alipoondoka mkewe Kushoto alikuja juu.

"Unamkodolea macho mtoto wa watu. Amekohoa, ukamwangalia kama kakuibia kikohozi."

"Simkodolei."

"Hata chai yangu hainywi tena. Anaogopa kumeza mbele yako."

"Mwenye wasiwasi koo humkauka."

"Koo likikauka ndipo mtu hunywa, baba," mkewe akasema, akarudi jikoni.

Kushoto akampigia simu Radi. Alitaka mtu wa bendi awepo, mtu aliyeijua besi ile, ili neno likitoka lisibaki la mdomo wake peke yake. Simu hakuiamini sana, akasema machache.

"Besi yetu imerudi."

Upande wa pili pakawa kimya, mpaka Kushoto akaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika.

"Imerudi kivipi?" Radi akauliza.

"Njoo Jumamosi. Nataka shahidi."

"Anayo nani?"

"Njoo, utaona."

Kabla ya Jumamosi akatega mtego wake wa mwisho. Mkwe aliagiza nyuzi za mtu wa kushoto. Yeye akazifunga za kulia, uzi mnene mahali pa mwembamba na mwembamba mahali pa mnene, akakigeuza na kile kijiti cha mfupa. Kama kweli yupo mtu wa kushoto anayengojea besi hii, aliyetumwa kuichukua atatazama nyuzi kwanza. Kama hayupo, basi habari yote ya mkono wa kushoto ilikuwa kisingizio cha kuibadilisha sura.

Jumamosi mchana Radi alifika wa kwanza. Alikuwa amekonda, na doa la rangi nyeupe lilikuwa nyuma ya sikio lake kama kawaida. Akaketi kwenye kiti chake cha karibu na mlango. Besi ilikuwa mezani, imefunikwa shuka.

"Si uifunue?" Radi akasema.

"Subiri mwenyewe."

Mwenyewe akaja, na binti yuko nyuma yake na mfuko wa machungwa. Salamu zikazunguka, mama akaleta vikombe, na kila mmoja akangoja na jambo lake alilolijua. Kushoto akavuta shuka.

Mbao ilikuwa imetoka rangi ya asali, imepakwa mafuta tu, haing'ai sana. Ule mchongo wa pembe ulionekana kama ulikuwepo tangu mti ulipoota. Mkwe akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye maungio kama anavyokagua chuma.

"Baba, hii ni kazi," akasema. "Pale palipozibwa sipaoni."

Nyuzi hakuzitazama. Kushoto akamtupia Radi jicho: umeona? Kisha akakohoa kidogo, akaisawazisha sauti.

"Sasa huyo mtu wako wa kushoto," alianza.

"Baba," binti akamkatiza. Alikuwa amesogea mezani, ameinamisha kichwa upande. "Mbona umezifunga kinyume? Uzi mnene uko kwa watu wa kulia."

"Nilitaka nione kama mwenyewe ataona."

"Mwenyewe ndiye aliyezifunga."

Kushoto akazitazama nyuzi, kisha akamtazama binti.

"Ni yako," binti akasema. "Ya nani tena? Kuna wa kushoto mwingine humu? Nilimfundisha mume wangu maneno ya kusema, maana angejitungia yake angeharibu. Nikamwambia mwambie baba ichongwe hapa, vitufe viende kule, vyote ulivyokuwa ukinung'unikia tangu niko mdogo. Na isifanane na ile ya bendi, usije ukaishika ukaanza kuugua upya. Tungempelekea fundi gani mwingine? Ungejua, ungekataa kuitengeneza."

Mkwe alikuwa anatazama sakafu, masikio yamemwiva. Kwa hiyo ndivyo mtu anavyobeba zawadi asiyoruhusiwa kuitaja, Kushoto aliwaza.

"Aliipata wapi?" akamuuliza binti.

"Mwambie," binti akamgusa mumewe.

"Pale ninaponunua vyuma, baba, kuna muuza vitu vya mitumba. Redio mbovu, pasi, feni. Alikuwa ameiegemeza kwenye turubai, inazuia upepo. Ipo pale miaka, alisema. Aliyemuuzia hakurudi tena."

"Hii ndiyo ile," Kushoto alisema.

"Ile ipi?" binti akauliza.

Kushoto akaweka kidole kwenye kidoa cha kijani. Hakukiondoa, alikipaka mafuta pamoja na mbao, kikabaki hapo kama jicho. Binti akamtazama mama yake, mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo yenyewe.

Radi akacheka. Kicheko kilikuwa kikubwa kidogo kuliko chumba.

"Basi, yameisha," akasema, akapiga mapaja yake. "Kijana kanunua mchana kweupe, hana kosa. Muuzaji naye tutampata wapi? Tusichimbe, kaka. Chombo kimerudi kwa mwenyewe, tumshukuru Mungu tunywe chai. Na kazi umeifanya, lazima nikiri. Kuivua ile nyeusi mpaka kwenye matundu ya skrubu sio mchezo. Rangi ile ikikamata imekamata."

Kushoto alikuwa amemgeukia mkwe, anatafuta neno la kumwambia na halipati. Maneno ya Radi yakampita. Kisha yakarudi, taratibu, kama sauti ya besi ambayo mtu huipata tumboni baada ya sikio kuiacha. Akaitazama besi. Mbao tupu, rangi ya asali.

"Nyeusi ipi, Radi?"

"Si hiyo iliyokuwa imepakwa."

"Uliiona wapi?"

"Ulinambia kwenye simu."

"Kwenye simu nilikwambia besi yetu imerudi. Besi yetu wewe uliijua nyekundu."

Radi akamtazama mama wa nyumba, akamtazama mkwe, akitafuta wa kumtupia neno. "Labda shemeji ndiye alini..."

"Mimi sijasema nawe tangu uende huko," mama akasema. Aliweka birika chini.

Doa la rangi nyuma ya sikio la Radi likasogea alipomeza mate. Kushoto aliliona, doa aliloliona miaka yote. Mtu anayepaka kuta na mageti ya watu kwa riziki yake alikuwa ameketi kwenye kiti hiki, na yeye macho yake yote ameyamalizia kwa mchomeleaji.

"Nilikuwa na shida, kaka," Radi akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Ufunguo?"

Radi akaonyesha kwa kidevu nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa bado upo. "Niliuchukua nikiaga. Nikaurudisha nilipokuja kunywa chai."

"Na wewe ndiye uliyeniambia ninyamaze."

"Nilidhani watasahau. Nilikuwa nakuja kila wiki nione kama wamesahau."

Binti alikuwa amemshika mumewe mkono wa shati. Radi akasimama, akachukua kofia yake, akaizungusha vidoleni.

"Nitakwenda kwa Mwimbaji mwenyewe," akasema. "Nimweleze yote. Kesho."

Kushoto akalionja hilo neno kesho. Alikuwa ametumia shaka nyingi sana, karibu aimalize, kwa mtu asiyestahili hata tone. Iliyobaki akaona aiweke panapofaa.

"Leo," akasema. "Sasa hivi, na mimi nakuja. Wewe utatangulia, nami nitakuwa nyuma yako."

"Huniamini?"

"Tembea."

Akavaa viatu. Mkwe alikuwa bado amesimama kando ya meza kama mtu anayesubiri kuambiwa adhabu yake, na Kushoto alijua kuna neno analomdai, ila baba hamtazami mkwe machoni na kumwomba msamaha. Njia hiyo hakuna aliyewahi kuipita. Akamgeukia binti.

"Mwambie mumeo," akasema, "chai ya hapa akiletewa anywe. Hakuna mtu atakayemtazama tena."

"Yuko hapo, baba. Mwambie mwenyewe."

Kushoto akautazama ukuta, karibu kidogo na bega la mkwe. "Na besi aibebe yeye. Mwimbaji aione. Atamweleza na pale alipoinunua."

Mkwe akapiga funda moja kubwa la chai, ya moto, macho yakamtoka machozi. Kisha akaikumbatia besi kifuani, mikono miwili, tayari kuitoa nje kama anavyotoa geti karakana.

"Shingo," Kushoto akasema, na safari hii alimwambia yeye. "Shika shingo, mwanangu. Mkono mwingine chini."

Mkwe akarekebisha. Wakatoka, Radi mbele na kofia mkononi, Kushoto nyuma yake akivitazama visigino asivikose, na mkwe pembeni na besi, anatembea ameinua kichwa. Nyuzi zilikuwa bado za mtu wa kulia. Angezigeuza wakirudi.